Mlezi wa bweni kwenye kambi ya vipanga: mapitio ya kazi yenyewe, si ya tangazo lake

Tangazo lilisema wanatafuta vijana wenye ari watakaoishi na "akili bora za kizazi kijacho" wakati wa likizo ndefu. Hakuna mahali lilipoandikwa kwamba akili bora za kizazi kijacho hazipendi kuoga, hulia saa tano usiku, na zitakudai ushahidi wa kila amri utakayotoa. Ndiyo maana naandika haya: kwanza kwa anayetaka kuomba kazi hii, pili kwa mzazi anayejiuliza mwanawe atakuwa mikononi mwa nani taa zikizimwa.

Mwenye haraka achukue hukumu yangu hapa hapa aende zake. Watoto nawapa nyota tano. Masomo nne. Bwalo tatu. Namna kambi inavyowatumia walezi wake, nyota mbili, na ya pili ni ya nesi, si ya ofisi. Jina la kambi silitaji.

Kwa asiyezijua kambi hizi: vipanga, yaani watoto wanaofaulu kupita kiwango cha umri wao, hukusanywa kwenye mabweni ya chuo kikuu kwa wiki mbili au tatu, kila mmoja akazamia somo moja alilochagua. Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza kuwafuatilia vijana wenye uwezo mkubwa wa hisabati, na mwaka 1972 akawapa watoto wa darasa la saba na la nane mtihani wa SAT, ule ambao wengine huufanya wakiwa mlangoni mwa chuo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani wa darasa la mtoto haumpimi kipanga hata kidogo: anayejua vizuri anapata mia, anayejua mara tatu zaidi naye anapata mia. Mpe mtihani wa wakubwa, tofauti inajitokeza yenyewe. Chuo hicho kilifungua kituo chake cha vijana wenye vipaji, CTY, mwaka 1979, na Chuo Kikuu cha Duke, huko huko Marekani, nao wakaja na mpango wao mwaka 1980. Kambi niliyofanyia kazi haina undugu nao wowote, ila mtindo ni ule ule: mtihani wa juu ya umri, barua ya mwalimu, fomu ndefu, ada.

Sasa kazi. Jambo la kwanza ambalo muombaji anapaswa kulijua ni kwamba mlezi hafundishi. Darasani kuna mwalimu na msaidizi wake, na wewe huna kiti mle. Asubuhi unawaamsha, unawahesabu, unawapeleka bwaloni, unawahesabu tena, unawakabidhi darasani saa tatu. Wanatoka kwa chakula cha mchana, wanarudi hadi saa tisa. Baada ya hapo wako mikononi mwako: michezo, vikundi vya jioni, chakula, kisha prepu saa moja hadi saa tatu usiku, halafu kikao cha korido, kupiga mswaki, kuzima taa, na zamu ya kukaa koridoni hadi bweni litulie. Ukijumlisha saa zote za siku, sehemu unayozungumza mambo ya akili ni ndogo. Iliyobaki ni soksi, funguo zilizopotea, mafuta ya kujikinga na jua, na nani amekaa karibu na nani.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu. Nilipewa mabinti wa miaka 11 hadi 13, kumi na watatu kwa idadi, korido ya ghorofa ya pili. Chama cha Kambi cha Marekani kinapendekeza mfanyakazi mmoja kwa kila watoto wanane wa miaka 9 hadi 14 kwenye kambi za kulala. Nilipouliza ofisini kuhusu hilo nikajibiwa kwamba kwa hesabu ya kambi nzima uwiano uko sawa. Kumbe wamewajumlisha walimu, ambao saa kumi jioni wameshaondoka zao. Mhasibu yeyote anaijua hesabu ya namna hiyo.

Mafunzo ya awali yalikuwa nusu dhahabu na nusu usingizi. Dhahabu ilikuwa sehemu ya usalama. Kwamba hukai peke yako na mtoto mahali pasipoonekana, mlango ukifungwa unafunguliwa, ukihitaji kuzungumza naye siri mnakaa koridoni ambako watu wanawaona ila hawawasikii. Kwamba dawa zote, hata vidonge vya kichwa, hukaa kwa nesi, na pampu ya pumu tu ndiyo mtoto hutembea nayo. Nesi mwenyewe alitufundisha sindano ya epinefrini kwa ajili ya wenye mzio mkali. Alitupa ya mazoezi isiyo na dawa na kila mmoja akajichoma pajani kwa nje, juu ya suruali, akaishikilia, akahesabu kwa sauti. Aliyehesabu harakaharaka alirudia. Kisha akatuuliza mmoja mmoja, bila karatasi, ni mtoto gani wa korido yako hali karanga. Huyo mama alistahili kuiendesha kambi nzima.

Usingizi ulikuwa kwenye slaidi. Tuliambiwa kuhusu majaribio ya wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck yaliyochapishwa mwaka 1998: watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu, waliacha mapema na kufanya vibaya kuliko wale waliosifiwa kwa kujitahidi. Utafiti mzuri, na una maana kubwa kwa watoto wa aina hii ambao wameitwa "genius" tangu wakiwa na meno ya utoto. Lakini mkufunzi akaugeuza kuwa kibwagizo. Tulipangwa wawili wawili tukaambiana "naona umejitahidi" hadi sentensi ikapoteza ladha. Siku ya pili ya kambi nikamwambia hivyo binti mmoja aliyekuwa akitengeneza daraja la vijiti. Hakunyanyua hata kichwa.

"Dada, hilo wamewafundisha kwenye semina, siyo?"

Nikakubali kwamba ndiyo. Akasema basi nimuulize kuhusu daraja lenyewe, kwa nini upande wa kushoto unapinda. Nikamuuliza, akaeleza mpaka chakula cha jioni. Hayo ndiyo mafunzo niliyoyatumia hadi mwisho: usimsifu, muulize. Hawa watoto wana njaa ya mtu mzima atakayesikiliza maelezo hadi mwisho bila kuangalia simu.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo ningetaka kila muombaji alijue, kwa sababu ndilo moyo wa kazi na halimo kwenye tangazo wala kwenye slaidi.

Usiku wa kwanza baada ya masomo kuanza, bweni linanyamaza kwa namna isiyo ya kawaida. Mchana wake kila darasa limetoa zoezi la kwanza, na walimu wa kambi hizi hutoa zoezi gumu makusudi, ili wajue waanzie wapi. Sasa fikiria mtoto ambaye tangu chekechea hajawahi kukosa swali. Si kwamba anakosa mara chache. Hajawahi. Shule kwake ni mahali pa kusubiri wengine wamalize. Leo amekaa kati ya watoto kumi na tano wa namna yake, amepata maswali manne katika kumi, na aliye kushoto kwake amepata tisa akiwa na umri wa mwaka mmoja pungufu.

Wa kwangu alikuwa darasa la nadharia ya namba. Saa nne usiku alinifuata koridoni akiwa amevaa viatu na begi mgongoni. Hakulia. Aliniomba, kwa adabu kubwa, nikaangalie ofisini kama hakuna mtoto mwingine mwenye jina kama lake, kwa sababu huenda barua ya kukubaliwa ilimfikia mtu asiye wake. Alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kwa kina. Alikuwa na hoja tatu zinazoonyesha kwamba kosa la namna hiyo linawezekana.

Mwanasaikolojia Herbert Marsh alieleza hali hii tangu miaka ya 1980. Chukua watoto wawili wenye uwezo sawa kabisa. Mmoja yuko shule ya wanafunzi wa kawaida, mwingine yuko kwenye shule ya vipanga watupu. Wa pili atajiona hafai kuliko wa kwanza, ingawa kichwa ni kile kile, kwa sababu mtu hujipima kwa waliomzunguka. Kambi inamchukua mtoto kutoka hali ya kwanza na kumtupa kwenye ya pili ndani ya saa ishirini na nne. Na usiku ule, mwalimu akiwa amelala, anayebaki naye ni mwanafunzi wa uhasibu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Maneno ya kutia moyo hayasaidii. Mtoto wa hivi anayachambua moja moja na kuyatupa. Kilichosaidia ni ujinga wangu. Nilimwambia avue begi anisomee swali la kwanza alilokosa, kwa kuwa mimi hata kulielewa silielewi. Lilikuwa la mabaki: ukigawanya namba fulani kwa 7 inabaki 3, ukigawanya kwa 11 inabaki 5, namba ndogo kuliko zote ni ipi. Akaanza kunieleza. Nilimkatiza kila nilipopotea, na nilipotea kila mara, kweli kabisa, bila kuigiza. Akachora jedwali nyuma ya karatasi ya ratiba. Katikati ya kunieleza akaona mahali alipoteleza. Hakusema "nimeelewa". Alisema "aa, hawa watu," akimaanisha waliotunga swali, akaandika 38, akanionyesha kwamba 38 kweli inabakiza 3 kwa 7 na 5 kwa 11. Kisha akaanza swali la pili bila kuniuliza kama nina muda. Viatu hakuvivua hadi saa tano na nusu.

Sikuripoti kwamba nimevunja sheria ya kuzima taa. Ningeripoti kwa nani? Msimamizi wa zamu hakuwa amefika korido yetu usiku ule.

Wiki moja baadaye binti huyo alikuwa anasumbua bweni zima kwa mafumbo, na bado hakuwa wa kwanza darasani. Hakuwa hata wa tano. Tofauti ni kwamba aliacha kuhesabu. Sitasema kila mtoto hufika hapo. Kwenye korido yangu kulikuwa na mwingine aliyejifanya mgonjwa mara kwa mara siku za mazoezi, na aliondoka bado anajifanya. Nesi alimjua, akampa glasi ya maji na kiti, akamwacha akae hapo mpaka achoke.

Jambo la pili ambalo hakuna anayekutayarisha nalo: hawa watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Anaweza kukueleza jinsi mahakama inavyotofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, halafu akashindwa kufunga begi. Binti aliyesoma masomo ya miaka mitatu mbele ya wenzake alilala na sungura wa kitambaa asiye na sikio moja, na siku sungura alipopotea kwenye nguo za kufua, masomo ya miaka mitatu mbele hayakumsaidia kitu. Tulipekua mashine zote za chini. Alipatikana ndani ya foronya. Mlezi anayemwona mtoto kama mtu mzima mfupi kwa sababu anazungumza kama mtu mzima atamwumiza, na mlezi anayemwona kama mtoto tu atadharauliwa kabla ya kifungua kinywa. Inabidi uwe tayari kubadilika ndani ya sentensi moja.

Na kuoga. Sijui ni nini kuhusu vipanga na kuoga. Nilijaribu ratiba, nikajaribu ukali. Kilichofanya kazi ni kuwaambia waandae wenyewe utaratibu wa foleni ya mabafu matatu kwa watu kumi na watatu. Walitumia jioni nzima, wakabishana kuhusu haki na ufanisi kana kwamba wanaandika katiba, wakabandika jedwali la rangi nne mlangoni. Baada ya hapo walioga ili kuona kama jedwali linafanya kazi.

Kuhusu kubishana: jiandae. Kila sheria itafikishwa mahakamani. Wiki ya pili niliwekewa mezani ombi rasmi la kusogeza mbele saa ya kuzima taa, lina vifungu na saini. Nikajibu kwa ushahidi, maana wanaheshimu ushahidi tu: wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Nikadhani nimemaliza. Binti mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 13 wiki ile ile akainua mkono na kusema kwamba kwa mujibu wa chanzo changu mwenyewe, yeye anadai saa yake moja. Nilimpa nusu, akae kitandani asome kwa tochi, kimya. Wenzake wakaanza kuulizana tarehe za kuzaliwa.

Burudani za jioni zilikuwa za kiwango cha juu, na hapa naisifu kambi. Waliacha vikundi vijiendeshe. Mchezo wa Mafia, ule wa kumsaka muuaji aliyejificha kati ya wachezaji, aliobuni Dimitry Davidoff pale Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1986, ulichezwa mpaka tukaupumzisha, kwa sababu msichana mkimya ndiye aliyetuhumiwa wa kwanza kila raundi kwa kosa la ukimya wake. Tulimfanya msimulizi wa mchezo, na ukimya wake ukageuka kuwa wa kutisha kwa namna nzuri. Lakini mfalme wa korido alikuwa Set: kadi 81, kila moja ina umbo, rangi, idadi na namna umbo lilivyojazwa, na unatafuta tatu ambazo kwa kila sifa zinafanana zote au zinatofautiana zote. Aliibuni Marsha Falco mwaka 1974 alipokuwa akichunguza kifafa cha mbwa, na watoto walifurahia habari ya mbwa kuliko ya mchezo. Siku moja kadi kumi na mbili ziliwekwa mezani na hakuna aliyeona seti. Likazuka swali: ni kadi ngapi zinaweza kukaa mezani bila seti hata moja? Walikesha nalo, wakafika kumi na sita kwa majaribio, wakakwama. Msaidizi wa darasa la hisabati aliwaambia asubuhi kwamba jibu ni 20, na kwamba Mwitaliano Giuseppe Pellegrino alithibitisha mwaka 1971, kabla mchezo wenyewe haujakuwapo. Walikasirika. Si kwa sababu walikosa, bali kwa sababu aliwaambia.

Wazazi nao. Kukumbuka nyumbani ni jambo la kawaida kambini, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kinacholiharibu mara nyingi ni ahadi iliyotolewa kwa nia njema: "usipopapenda, nipigie nitakuja kukuchukua." Christopher Thurber na Edward Walton, kwenye ripoti ya madaktari wa watoto wa Marekani ya mwaka 2007, waliwaonya wazazi juu ya ahadi hiyo hiyo, na nimeona kwa macho yangu kwa nini. Mtoto aliyepewa ahadi hiyo hajaribu kuzoea. Anangoja siku ya kupiga simu kama mfungwa anavyongoja rufaa. Na akipiga, mzazi akisita, inakuwa amedanganywa. Wazazi wa vipanga wana la ziada: wanapiga ofisini kuuliza alama. Kambi haitoi alama, inaandika maelezo ya mwalimu, na ni sera nzuri kabisa. Lakini simu hizo zilipokelewa na walezi wakati wa mapumziko yao, jambo linalonileta kwenye nyota mbili.

Malipo ni ya mkupuo, pamoja na chumba na chakula. Ukiyatazama yalivyo, si mabaya. Yagawanye kwa saa unazokuwa macho kwa ajili ya mtoto wa mtu, na uache hata zile unazolala sikio likiwa wazi, utapata namba ambayo hutamwonyesha mama yako. Mkataba ulisema tuna mapumziko ya mchana watoto wakiwa darasani, lakini mapumziko yakajaa vikao, mizigo, simu za wazazi, na kukaa na mgonjwa ili nesi akale. Siku ya kupumzika ilikuwapo kwenye karatasi; ilipofika ikawa ya safari, na kwenye safari kila mlezi anahitajika. Hakuna aliyetudanganya waziwazi. Ni kwamba mpango mzima umejengwa juu ya dhana kwamba kijana wa miaka ishirini na mbili hachoki na anapenda watoto, na mara nyingi dhana hiyo ni kweli hadi wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho nilishuhudia mlezi wa korido ya chini, binti mpole kuliko wote, akimfokea mtoto kwa sababu ya kijiko. Yule mtoto alimtazama akamwambia aende akalale, atawasimamia yeye.

Neno moja pia juu ya nani hayupo kambini. Ada ni kubwa, ufadhili upo kwa wachache, na kabla ya ada kuna mtihani ambao lazima mzazi au mwalimu ajue kwamba upo. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wilaya moja kubwa ya Florida: watoto wote walipopimwa badala ya kungoja mzazi au mwalimu apendekeze, waliopatikana wenye vipaji kutoka familia maskini waliongezeka sana. Walikuwapo siku zote, hakuna aliyewauliza. Kwenye korido yangu niliweza kuwatambua wenye ufadhili kwa jambo moja dogo: ndio waliouliza kama penseli za darasani zinarudishwa.

Je, nakushauri uombe? Kama unavutiwa na akili, ukitaka kukaa na watoto wa ajabu mjadili nyota, omba kazi ya msaidizi wa darasa; ina saa chache na heshima zaidi. Kazi ya bweni ombea tu kama unapenda watoto hata wakiwa wamechoka, wananuka na wamekosea, kwa kuwa hao ndio utakaokuwa nao. Huhitaji kuwa kipanga. Nadhani ni afadhali usiwe, maana walezi waliowahi kuwa watoto wa kambi hizi walikuja na majeraha yao, na wengine walikuwa bado wanashindana.

Kwenye usaili uliza mambo haya bila haya: korido yako ina watoto wangapi wewe peke yako, saa za usiku anayekupokea ni nani na yuko jengo gani, siku ya mapumziko imewekwa tarehe ngapi, na nesi analala hapo hapo au anaitwa. Wakikujibu la mwisho kwa kigugumizi, tafuta kambi nyingine. Uliza pia mtoto akitaka kubadilisha darasa inachukua muda gani. Kwetu ilichukua siku moja, na hilo liliokoa watoto wawili waliopangiwa fizikia na wazazi wao ilhali wao walitaka kuandika hadithi.

Mzazi, wewe uliza ni nani anakaa koridoni saa nne usiku, na amelala saa ngapi jana yake. Mwalimu wa kambi atakuwa mzuri, karibu wote ni wazuri.

Mimi nimeomba tena msimu ujao. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua umri. Nimeandika miaka 11 hadi 13. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika kwamba sitasaini mkataba kabla ya kuonyeshwa jedwali la zamu za usiku, na kwamba kama wameshindwa kulipanga, ninawafahamu mabinti kumi na watatu wanaoweza kulipanga jioni moja, kwa rangi nne.